Kengele Iliyopigwa kwa Upawa

Hebu mwone anavyokuja. Ni Jumamosi, saa nane mchana, yanaanguka yale manyunyu ya Machame yasiyomlowesha mtu bali humchosha tu, na mzee Gerson anapanda kilima cha kanisani. Amevaa koti alilolishona kwa ajili ya harusi ya mwanawe, kofia ya sufu, na viatu alivyovipiga rangi tangu jana. Anatembea polepole. Usidhani miguu inamuuma, la. Amechelewa makusudi. Anataka akiingia ukumbini watu wawe wameshakaa, ili wote waone kwamba amekuja, na tena wote waone kwamba hakuwa na haraka ya kuja.

Nyuma yake yuko mkwewe Joyness, mke wa mwanawe wa pekee, amejitanda kanga kichwani.

"Baba, wataanza bila sisi."

"Waanze. Mimi nilikuwepo kabla yao."

Joyness akaikaza kanga yake kichwani. Miaka kumi na mmoja ya kuishi boma moja na mzee huyu imemfundisha majira ya kusema na majira ya kuangalia njia.

Ukumbini madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na ukutani limetundikwa shuka jeupe. Projekta imewekwa juu ya meza ya Mchungaji. Leo filamu inaonyeshwa kijijini kwa mara ya kwanza, ile iliyokwisha kuonyeshwa Dar es Salaam na Arusha na huko nje ya nchi, na jina lake ni *Kengele ya Saa Nne*. Mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, ameketi Aminieli. Amevaa fulana nyeupe yenye picha ya kengele kifuani. Kiti cha pembeni yake kiko wazi, amekiwekea kofia yake.

"Kaka Gerson!" Aminieli akapaza sauti, amesimama nusu. "Kiti chako hiki hapa! Nimekushikia!"

Watu wote wakageuka. Gerson akainama kufunga kamba ya kiatu, kamba ambayo haikuwa imefunguka, kisha akaketi benchi la mwisho, karibu na mlango.

Sasa nivumilie kidogo nikueleze, maana usipomjua Gerson utamhukumu bure.

Gerson na Aminieli ni majirani. Kihamba cha huyu, yaani shamba la nyumbani, kimepakana na cha yule, na katikati hakuna seng'enge wala ukuta, kuna safu ya masale tu, ile mimea ya majani marefu ya kijani ambayo babu zetu waliipanda iwe mpaka. Gerson ni mkubwa kwa miaka miwili. Walichunga pamoja, walibatizwa Jumapili moja, na wote wawili walianza kupanda mlima wakiwa vijana, wakiwabebea wageni mizigo. Watu wa kazi hiyo huku tunawaita wagumu, na kweli ni wagumu. Baadaye Aminieli akawa kiongozi wa safari. Gerson akawa mpishi. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Si ugomvi, hapana, ni kale kamchanga kanakoingia kwenye kiatu. Kwa nini mdogo awe kiongozi na mkubwa awe mpishi? Kisha ng'ombe wa Aminieli akawa anatoa maziwa kuliko wa Gerson. Kisha migomba ya Aminieli ikanusurika na upepo uliolaza ya Gerson, na masale yale yale katikati yakishuhudia. Gerson alihesabu tu moyoni.

Mwaka themanini na tisa, masika, wakapandisha wanafunzi wanane wa ualimu waliokuwa wakitafuta mimea ya kusomea. Walipofika pango la Shira, juu kabisa mlimani, theluji ikashuka mahali ambapo hunyesha mvua. Wagumu wengine walikuwa wameshatangulia kushuka kufuata chakula. Wanafunzi wakabaki pangoni, mmoja amevunjika mguu, watatu wanakohoa povu, na wenye nguvu ya kutembea hakuna. Alfajiri ya Jumatano Aminieli alimwambia Gerson hivi: "Mmoja abaki nao, mmoja ashuke kuita watu. Wewe ndiye mkubwa. Chagua."

Gerson akachagua kushuka.

Alikimbia saa tano nzima, kwenye mawe, kwenye tope, kwenye msitu ambao mizizi yake yote siku ile ilikuwa na kinyongo naye. Saa nne asubuhi akafika kanisani. Siku ya Jumatano saa nne kengele hailii, na ikilia kila mtu anajua kuna moto au maafa. Lakini kamba ya kengele ilikuwa imekunjwa juu, watoto wasije wakaichezea. Gerson akaparamia nguzo, akachomoa kitu pekee alichokuwa nacho kwenye mkoba wake wa upishi, upawa wa kuchotea uji, akaanza kuigonga kengele kama mwendawazimu. Aliigonga mpaka upawa ukapinda. Wanaume ishirini na wawili wakatoka mashambani wakiwa na mapanga na machela za miti. Mpaka jioni walikuwa Shira. Wale wanane walishuka wote hai.

Upawa ule upo mpaka leo. Joyness anachotea mtori wa ndizi kwa huo huo, na kila siku hulalamika kwamba umepinda.

Basi, mwaka juzi ndipo akaja yule binti wa filamu. Jina lake Kindness, mzaliwa wa Moshi mjini, kazi yake kukusanya habari kwa wenyewe. Akashuka kwenye gari, akaingia lango la kwanza aliloliona. Lilikuwa la Aminieli. Hakuwa na maana mbaya. Lango la Aminieli limeelekea barabarani na la Gerson limejificha nyuma ya migomba. Lakini Gerson alikuwa kibarazani anamenya ndizi, akaona kila kitu kupitia masale. Akaona binti anapiga magoti kumwamkia Aminieli. Akaona mbege, pombe yetu ya ndizi, inaletwa.

Kwetu mbuzi akichinjwa, kidari hakiendi kwa mdogo kabla ya mkubwa kupewa chake. Hata mtoto anayenyonya anajua. Gerson akaweka kisu chini.

"Joyness," akasema, "yule binti akija hapa, mwambie sipo."

"Nimwambie umekwenda wapi, baba?"

"Mwambie nimekwenda Mabogini. Kwenye mpunga."

"Lakini baba, sisi hatuna mpu..."

"Mwambie!"

Na Kindness akaja, saa ile ile, akabisha hodi kwa adabu. Gerson alikuwa amesimama katikati ya migomba yake, hatua kumi tu, amebana pumzi. Akamsikia mkwewe anadanganya kwa niaba yake. Alitaka nini? Alitaka binti arudi tena, basi. Arudi safari hii akianzia kwake, amwambie "babu, samahani, nilipaswa kufika kwako kwanza." Baada ya wiki mbili binti akarudi kweli. Akaanzia tena kwa Aminieli. Na Gerson akaenda tena Mabogini, hatua kumi, kati ya migomba.

Mara ya tatu hakuja.

Tangu siku hiyo, mpendwa, mzee wa watu hakulala vizuri. Wivu ni kama funza: mwanzoni unawasha kwa utamu, unaukuna na unafurahi; siku unapotaka kuutoa unakuta umeshataga. Redio ya Moshi ikamhoji Aminieli. Gerson akaizima, halafu akaiwasha tena asikie amesema nini. Vijana wa bodaboda wakaanza kumwita Aminieli "Mzee Kengele". Wakipita naye amepakiwa, wanapiga honi, "Mzee Kengele huyoo!" na Aminieli anacheka na kupunga mkono. Kila honi ilipopigwa, Gerson aliihesabu. Mzee Kengele! Mtu ambaye siku ile hata mlio wa kengele hakuusikia!

Turudi ukumbini. Taa zimezimwa, filamu imeanza.

Anayemwigiza Aminieli ni kijana mmoja mrefu, mabega mapana, sura ya kuvutia. Bibi mmoja akanong'ona kwa nguvu, "Aminieli hajawahi kuwa na urefu ule hata akisimama juu ya debe!" Ukumbi ukacheka, na Aminieli mwenyewe akacheka kuliko wote. Gerson hakucheka. Alikuwa anamtafuta mtu kwenye shuka lile. Anamtafuta mpishi. Mpishi alionekana mara mbili, kisogo tu, akikoroga sufuria.

Lakini filamu ile, haki ya Mungu, ilikuwa imetengenezwa. Theluji ilipoanza kushuka, ukumbi mzima ukajikunyata. Wanafunzi wamebanana pangoni, msichana mmoja anaanza kusinzia, na kiongozi anampiga makofi ya mashavu, anamwimbia, anamtukana, anamwomba, chochote asilale. Joyness akashika mkono wa mtu aliyekaa naye, hata hamjui. Na Gerson, bila kupenda, akasogea mbele kwenye benchi. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa anajua kilichotokea njiani. Kilichotokea pangoni hakuwahi kuuliza hata siku moja.

Kisha yule kijana mrefu akatoka pangoni, akaanza kukimbia.

Miguu ya Gerson ikaanza kucheza chini ya benchi yenyewe. *Kushoto hapo, kuna jiwe bovu. Shika mti, shika mti!* Kijana akateleza, ukumbi ukapiga yowe, akainuka, akakimbia, msitu ukamfumba na kumfumbua, mpaka hatimaye kanisa hili hili likaonekana. Kijana akaishika kamba. Akaivuta kwa madaha, mara moja, mbili, tatu. Kengele ikalia kama ya Krismasi.

Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanalia. Aminieli alikuwa ameinamisha kichwa, na Gerson akajiambia, *anaona raha, anaficha meno.*

Taa zilipowashwa, Kindness alisimama mbele, akashukuru, akasema mwenye swali amuulize mzee Aminieli. Maswali yakawa ya kawaida, baridi ilikuwaje, mlikula nini. Ndipo akainuka bibi Anyesi. Huyu ni mjane wa marehemu mzee aliyekuwa akipiga kengele ya kanisa enzi hizo, na ingawa macho yamefifia, kumbukumbu yake ni kama sanduku la chuma.

"Aminieli."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mume wangu aliikunja kamba ile juu kila siku baada ya ibada, na ngazi alikuja nayo nyumbani. Jumatano kamba ilikuwa juu. Sasa wewe uliivutaje?"

Watu wakamgeukia Aminieli, hata watoto.

Sasa nikuambie kitu ambacho Gerson hajamwambia mtu. Dakika ile alikuwa anaomba. Alifumba macho kabisa, kama yuko kwenye meza ya Bwana, na alichoomba ni hiki: *Adanganye. Ee Mungu, mwache adanganye mbele ya watu wote hawa.* Maana Aminieli akidanganya, basi hasira yote ya miaka hii miwili ingekuwa na haki, na Gerson angeweza kuibeba mpaka kaburini bila kuona uzito.

Aminieli akainuka. Akaivuta ile fulana chini, kama mtu anayetaka kuifunika ile picha.

"Mama, mimi sikuivuta. Mimi sikutoka pangoni. Aliyepiga kengele ni kaka Gerson, na amekaa pale nyuma karibu na mlango."

Vichwa vyote vikageuka, safari hii kweli kweli.

"Nilimwambia huyu binti," Aminieli akaendelea, "nikamwambia mara tatu. Mwulize."

Kindness alikuwa amegeuka rangi. "Ni kweli. Wakubwa wangu walisema hatuwezi kumweka mtu ambaye hatujamsikia mwenyewe na hajatuandikia kukubali. Kwa hiyo tukawaunganisha, wawili wakawa mmoja." Akamtazama Gerson kwa heshima. "Babu, shikamoo. Nilifika kwako mara mbili. Niliambiwa uko Mabogini, kwenye mpunga wako."

Mtu mmoja akauliza, bila nia mbaya, kwa mshangao tu: "Mpunga? Gerson ana mpunga Mabogini?"

"Tangu lini?" akauliza mwingine.

"Huyu hata wali hali! Anasema unampa kiungulia!"

Kicheko kilianzia mbele kikaja mpaka nyuma. Joyness alikuwa anatazama sakafu kana kwamba kuna maandishi. Gerson akasimama. Jina lake lilikuwa limetajwa mbele ya kijiji kizima, jambo alilolitamani kwa miaka miwili usingizini na akiwa macho, na sasa hakujua aliweke wapi. Akachukua kofia yake akatoka. Manyunyu yalikuwa yale yale.

Jumapili hakwenda ibadani. Alimwambia Joyness kifua kinabana. Baada ya chai, kengele ya ibada ya kwanza ikiwa bado inalia, akatoka na kisu kidogo akaenda mpakani. Alisimama muda mrefu mbele ya masale. Kisha akakata jani moja refu, akalifunga fundo, akalitia mfuko wa ndani wa koti.

Pengine wewe si wa huku, basi nikueleze. Kwetu mtu akikukosea, hata iwe kosa kubwa namna gani, akikuletea jani la isale lililofungwa fundo amemaliza maneno yote. Huwezi kulikataa. Anayelikataa anakuwa yeye ndiye mwenye kosa, na watu watamwogopa. Ukilipokea, shauri limekwisha, halirudiwi tena hata kwa mzaha. Ndiyo maana anayelileta hulileta kwa unyenyekevu, maana amekiri. Na anayelipokea hulipokea kwa kichwa kilichoinuka, maana yeye ndiye aliyekosewa.

Gerson alikuwa amelikata. Kulipeleka ni jambo jingine. Bado amesimama pale, mkono kifuani juu ya koti, akajiambia *nikinywa kwanza maji*, akajiambia *wakitoka kanisani*, ndipo masale yakatikisika upande wa pili.

"Kaka Gerson."

Alikuwa Aminieli. Hakuvaa fulana ya kengele. Alivaa shati lake la shamba.

"Hukwenda kanisani?" Gerson akauliza.

"Nawe hukwenda."

"Kifua."

"Mimi pia kifua," akasema Aminieli, na wote wawili wakatazama chini. Kisha Aminieli akatoa mkono uliokuwa mgongoni. Ndani yake kulikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Gerson akalitazama lile jani.

"Nilikusikia, kaka," akasema Aminieli. "Siku ile binti alipokuja kwako, na mara ya pili. Ulikuwa kwenye migomba. Ulikohoa. Nilijua hukwenda Mabogini. Ningeweza kuvuka hapa, hatua tatu, nikushike mkono nikupeleke. Nilimwambia yule binti jina lako ili nisiwe mwongo, halafu nikakaa kimya ili usipatikane. Nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi."

"Ulifurahi kwa nini? Wewe una kila kitu!"

"Mimi?" Aminieli akacheka bila furaha. "Unajua jana ulipotoka nilikuwa nafikiri nini? Yule msichana aliyekuwa analala. Kwenye filamu anapigwa makofi mara tatu anaamka. Mimi nilimpiga mpaka jioni, kaka. Mikono yangu iliogopa kumgusa mtoto wangu mwezi mzima. Na muda wote nikawa nasema, Gerson anakimbia. Gerson ana kitu cha kufanya. Gerson yuko kwenye jua. Miaka thelathini na sita nakuonea wivu kwa sababu ulichagua wewe, ukachagua miguu, mimi ukaniachia pango."

Gerson alihisi kitu kimekatika ndani. Maana ni kweli. Asubuhi ile, alipoambiwa "wewe ndiye mkubwa, chagua," hakuchagua kushuka kwa sababu anaijua njia. Wote wawili waliijua njia. Alichagua kwa sababu hakutaka kukaa amtazame mtu akifa. Hilo hakuwahi kulisema, hata kwa marehemu mke wake.

"Basi nimekuja," akasema Aminieli. Akalinyoosha jani juu ya mpaka, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Pokea, kaka. Yaishe. Mwezi ujao binti anarudi, anasema wanaweza kuongeza maneno mwishoni mwa filamu, jina lako na upawa wako. Mimi nitasimama kando."

Ni rahisi sana, sivyo? Alipaswa kunyoosha mkono tu. Angelipokea kwa kichwa kilichoinuka, aliyekosewa, mwenye kengele, na kuanzia leo pikipiki zingempigia honi yeye. Joyness alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na ule upawa uliopinda mkononi, anatazama.

Mkono wa kulia wa Gerson ukaanza kutoka kwenda kwa Aminieli. Ule wa kushoto ulikuwa bado ndani ya koti, umelishika jani lake mwenyewe, fundo linamchoma kiganja. Akipokea la mwenzake, la kwake halitaonekana kamwe, na hakuna atakayejua kwamba alilikata. Akilitoa, atakuwa amekiri mbele ya mdogo wake, yale ya kujificha kwenye migomba na ya kulikwepa pango pia, na hakuna filamu itakayomsaidia tena.

Aminieli anangoja, mikono miwili juu ya mpaka. Kengele ya ibada imeshanyamaza zamani. Sasa wewe niambie, kwa haki kabisa: kati ya hawa wawili, ni nani aliyepaswa kumletea mwenzake jani?